Safari ya Kifahari Kasese na Bwera: Vidokezo 15 vya Kula Raha kwa Akili

Haya, umejibana mwaka mzima. Chakula cha mchana umebeba kutoka nyumbani, kamati za harusi umezikimbia, na sasa akaunti inatabasamu. Unataka safari ya maana: kitanda kipana, chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na tembo anayekatiza mbele ya kibaraza wakati wewe unakoroga chai. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukisikia "safari ya kifahari" tunawaza wageni wenye kofia pana na kamera ndefu kama bomba la maji. Jamani, neno "safari" lenyewe ni la kwetu!

Basi twende magharibi ya Uganda, wilayani Kasese, mpaka Bwera kwenye mpaka wa Kongo. Huku kuna mbuga, mfereji uliojaa viboko, korongo la sokwe, ziwa la chumvi, mashamba ya kahawa na Rwenzori, mlima wenye theluji jirani kabisa na Ikweta, vyote katika kona moja ya nchi. Vidokezo hivi ni kwa ajili ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Soma, chagua vinavyokufaa, kisha anza kupiga simu.

1. Tia nanga mahali pamoja

Kosa la kwanza la mwenye fedha ni kununua hifadhi nne kwa siku tano. Anarudi nyumbani akiwa anaijua Uganda kupitia kioo cha gari. Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth peke yake ina kilomita za mraba 1,978. Huwezi kuimaliza hata ukikataa kulala. Weka usiku nne katika eneo hili, na katika siku hizo acha alasiri moja bila mpango wowote. Ndiyo, wazi kabisa! Kaa kibarazani, tazama nyati wanavyotafuna, pata usingizi wa mchana. Ukiwa mtu wa ofisini, alasiri hiyo ndiyo utakayoisimulia zaidi.

2. Uliza maswali matatu kabla ya kulipa loji

Picha za loji zote ni nzuri. Mpiga picha alilipwa. Wewe uliza hivi. Kwanza: loji iko ndani ya hifadhi au nje? Mweya Safari Lodge, kwa mfano, iko ndani, kwenye rasi inayotazama Mfereji wa Kazinga, na ukilala ndani hesabu ya kiingilio huendelea. Pili: chumba changu kinatazama wapi? Tofauti ya chumba kinachotazama maji na kinachotazama maegesho ya magari ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Tatu: bei inajumuisha nini? Milo, boti, kiingilio, usafiri wa kwenda uwanjani? Omba majibu kwa maandishi. Neno la simu halina risiti.

3. Usione haya kutaja kwenu

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, maarufu kama UWA, ina viwango tofauti vya kiingilio: mgeni kutoka nje hulipa kwa bei ya dola, mgeni mkazi hupunguziwa, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi za Uganda, kiasi kidogo mno ukilinganisha. Loji nyingi nazo zina bei ya wakazi, lakini hawakutangazii kwa kipaza sauti. Sema mapema: "Mimi ni Mwafrika Mashariki, nipe bei ya nyumbani." Kisha beba uthibitisho. Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania, pasipoti yako isisahaulike mezani. Una rafiki anayekuja kutoka Ulaya na anataka pia kupita Kenya na Rwanda? Kuna viza moja ya nchi hizo tatu kwa dola 100, nayo hudumu siku 90.

4. Fanya urafiki na mvua

Miezi mikavu ni Januari na Februari, tena Juni na Julai. Wanyama huonekana kwa urahisi, barabara hupitika, na bei hupanda kama nyanya wakati wa sikukuu. Sasa siri: Aprili, Mei na Novemba mvua hunyesha, lakini mara nyingi hunyesha ikakatika, na baada yake hewa huwa safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu mikunjo ya mlima. Vyumba vinabaki wazi, na meneja wa loji anakuwa na masikio mapana. Hapo ndipo unapoomba punguzo, au chumba kikubwa kwa bei ya kidogo. Ila hakikisha gari lina nguvu ya magurudumu manne. Tope la huku halijui wewe ni mkurugenzi.

5. Nenda kwa njia moja, rudi kwa nyingine

Mwenye haraka apande ndege ndogo kutoka Entebbe. Kuna viwanja Kasese na Mweya, na Kihihi kwa anayeelekea upande wa kusini wa hifadhi. Mwenye kupenda barabara atenge siku nzima kutoka Kampala. Mbinu ni hii: nenda kwa njia ya Fort Portal, uone mashamba ya chai na vijiziwa vya kreta, kisha rudi kwa njia ya Mbarara. Hapo katikati ya hifadhi utavuka mstari wa Ikweta, ambapo kuna alama ya duara ya kupigia picha: mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Kila mtu hupiga picha hiyo, nawe utapiga, acha kujifanya. Na treni? Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Ukiisubiri treni ya abiria leo, utazeekea stesheni.

6. Tiketi ni ya saa 24, icheze vizuri

Hiki ni kidokezo kidogo chenye faida kubwa. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, wala si kwa siku ya kalenda. Ukiingia saa mbili asubuhi na ukatoka jioni, umetumia nusu ya ulicholipia. Ukiingia saa tisa alasiri, unapata machweo ya leo, na kesho unapata alfajiri nzima mpaka mchana, yote kwa tiketi moja. Na hizo ndizo saa ambazo simba wanatembea na mwanga una rangi ya asali. Saa saba mchana hata simba mwenyewe amelala chali. Uliza mapema geti linapokea malipo ya aina gani, kadi au pesa za simu, usije ukakwama hapo na bunda la noti.

7. Pundamilia hayupo, usimtafute

Kila wiki kuna mtu anamzungusha dereva saa tatu akitafuta twiga. Kaka, dada, Queen Elizabeth haina twiga wala pundamilia! Kuna tembo, nyati, viboko, simba, chui, nyamera, nguchiro, nguruwe-mwitu wakubwa weusi, na swala aina ya kob, yule aliyesimama kwenye nembo ya taifa la Uganda. Kuna aina zaidi ya 600 za ndege pia. Nyanda za Kasenyi ndizo mahali pa kuanzia alfajiri, kwa sababu kob huzaliana hapo, na penye kitoweo simba hakosi. Ukimtaka pundamilia lazima, ndiyo maana nimekuambia urudi kwa njia ya Mbarara: Hifadhi ya Ziwa Mburo iko huko, na pundamilia wake hawana maringo.

8. Panda boti ya alasiri

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanya hili. Mfereji wa Kazinga unaunganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na boti huuzunguka kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa nini alasiri? Jua la mchana huwachosha wanyama, basi tembo na nyati hushuka majini, na wewe unawakuta wameshajipanga ukingoni kama wageni wa karamu. Viboko hata usiwahesabu. Kabla ya kuketi, mwulize nahodha boti itatembea ikiwa imeelekeza ubavu upi ukingoni, ukae upande huo. Wenzako watabaki kupiga picha za visogo.

Tena una cha kusimulia ukiwa humo. Februari 2024, simba dume aitwaye Jacob, mwenye miguu mitatu kwa sababu wa nne aliupoteza kwenye mtego, aliuvuka mfereji huu usiku pamoja na ndugu yake Tibu. Waliogelea zaidi ya kilomita moja katika maji yenye mamba, huku watafiti wakiwarekodi kwa droni yenye kamera ya joto. Inadhaniwa walikuwa wakitafuta majike. Nawe unalalamika kwamba mchumba wako anakaa mbali!

9. Ishasha ilale, usiipitie

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mtaka simba wa Ishasha sharti ainue shingo. Huku kusini mwa hifadhi simba wana tabia ya kupanda miti, hasa mikuyu mikubwa, na kulala kwenye matawi huku miguu ikining'inia kama soksi kwenye kamba. Wengi huja mbio kutoka Mweya, wanafika jua likiwa kali, wanaona miti mitupu, wanarudi wamenuna. Safari hiyo ni ndefu na barabara yake ikinyeshewa hugeuka uji. Tumia usiku mmoja huko huko. Asubuhi yake mwambie dereva aende polepole, nawe kagua kila mkuyu kwa darubini, tawi kwa tawi. Hakuna anayeweza kukuahidi simba. Lakini aliyelala jirani ana nafasi mbili za kujaribu, jioni na asubuhi, na aliyekuja mbio ana moja.

10. Sokwe wanataka miadi

Korongo la Kyambura ni ufa wenye kina cha meta 100 hivi, uliojaa msitu, katikati ya nyika kavu. Ukisimama juu unaona tu kijani kibichi. Ukishuka unasikia kelele kama za soko. Hao ndio sokwe. Vibali vya kuwafuatilia ni vichache kwa siku, kwa hiyo hivi ndivyo vya kuagiza kwanza, kabla hata ya kuchagua chumba. Watoto wadogo hawaruhusiwi. Uliza umri unaotakiwa. Ukiwa na mafua usiende, maana magonjwa yetu huwapata na wao. Sokwe wa Kyambura ni wachache, na siku nyingine hawaonekani. Kama roho yako haiwezi kustahimili hilo, mwambie wakala akuangalizie Msitu wa Kalinzu ulio jirani. Vaa viatu vyenye meno. Viatu vyeupe viache vipumzike hotelini.

11. Mchumvini Katwe, nenda na mwenyeji

Katwe ni mji mdogo ulioishi kwa chumvi karne na karne. Ziwa lake limo ndani ya kreta na halina mto unaotoka. Jua hukausha maji, chumvi hubaki. Utawaona wanaume wakisimama ndani ya maji makali wakivunja mabamba ya chumvi chini ya ziwa, na akina mama wakihudumia vishamba vyao vya ukingoni. Utajiri huu uligombewa tangu enzi za mfalme Kabalega wa Bunyoro, na mwaka 1891 ofisa Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome hapa ili kuushika. Miaka mingi baadaye kikajengwa kiwanda cha kisasa. Chumvi ikaila mitambo yake. Mfanyakazi wa mkono amebaki, mashine imelala.

Mbinu: chukua mwongozaji kutoka ofisi ya utalii ya wenyeji wa Katwe. Atakutembeza bila kukudumbukiza kwenye kishamba cha mtu, na atakupeleka kwenye kiziwa cha Munyanyange kilicho jirani, ambako flamingo hutua kwa msimu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Hao wako kazini, hawako kwenye maonyesho.

12. Shuka Bwera ukanywe kahawa na useme Kiswahili

Watalii wengi huishia Mweya. Wewe endelea. Ukifika Kikorongo, acha barabara kuu na shika ya Mpondwe. Ni barabara ya umma, lakini sehemu yake inapita ndani ya hifadhi, kwa hiyo macho yawe dirishani. Hapo unatazama wanyama bila tiketi! Baada ya hapo nyika inakwisha, na unaingia nchi ya Wakonzo: vilima, migomba, na mashamba ya kahawa yanayopanda mpaka unashangaa mkulima anasimamaje.

Bwera na Mpondwe ni mji wa mpakani hasa. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, Kongo, na Wanande wa huko wanasema lugha moja na Wakonzo wa hapa. Sokoni utasikia Lhukonzo, Kifaransa kidogo, na Kiswahili kingi, kile cha Kongo chenye "aksanti sana" ya kupendeza. Hapa Kiswahili chako ni mtaji: vitenge utavinunua kwa bei ya maelewano badala ya bei ya mgeni. Ukihudumiwa vizuri, sema "wasingya", yaani asante kwa Lhukonzo, uone uso unavyofunguka. Kwa chakula, agiza obundu, ugali wa muhogo, pamoja na samaki wa Ziwa Edward na kisamvu, ambacho wengi hapa hukiita sombe. Hakuna loji itakayokupikia hivyo.

Kahawa nayo isikupite. Miteremko hii hutoa arabika, na vyama vya wakulima kama Bukonzo Joint, kule Kyarumba, vimejenga jina kwayo. Nunua iliyokaangwa karibuni na isiyosagwa. Harufu itafika nawe nyumbani. Tahadhari moja: usiwapige picha askari na maofisa wa mpaka, na usivuke "kidogo tu" bila hati. Hakuna kidogo tu mpakani.

13. Onja Rwenzori bila kuvunjika magoti

Kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, Margherita, kina meta 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Wa kwanza kukipanda, kwa kumbukumbu zilizoandikwa, ni msafara wa Duke wa Abruzzi kutoka Italia, mwaka 1906, nao ulisaidiwa na wabeba mizigo wengi wa kutoka huku huku. Kupanda na kushuka kunakula wiki au zaidi, kwenye tope, baridi na barafu. Je, hiyo ni raha? Kwa wengine ndiyo. Kwako wewe mwenye siku chache, chukua matembezi ya siku moja kwenye vilima vya chini, kuanzia Kilembe au Ruboni karibu na Nyakalengija, pamoja na mwongozaji wa kijiji. Utapita mashambani, utavuka vijito vya maji baridi, na saa kumi utakuwa umerudi kwenye maji ya moto ya kuoga. Usiahirishe sana lakini: barafu ya Rwenzori imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, na haitusubiri tumalize mikopo.

14. Funga mkoba mdogo, beba tahadhari kubwa

Ndege ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, tena katika begi laini. Kwa hiyo gauni la tatu libaki. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi ziache pia, kwani mbung'o huzipenda kuliko unavyozipenda wewe. Weka sweta la alfajiri, kofia, darubini (moja kwa kila mtu, msije mkagombana simba anapotokea), dawa za kinga ya malaria kwa ushauri wa daktari, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na noti ndogo ndogo za shilingi za Uganda.

Sasa dakika moja ya kusema ukweli. Eneo hili liko mpakani, na mwaka 2023 lilipata majonzi makubwa: Juni wanafunzi waliuawa shuleni Mpondwe, na Oktoba watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi. Walinzi waliongezwa na wageni wanaendelea kuja, lakini mtu mwerevu huuliza kwanza. Wiki moja kabla ya safari, ipigie UWA na loji yako, uliza hali ilivyo. Usisafiri usiku, usitoke nje ya barabara zilizoruhusiwa, na mhifadhi akisema "hapa leo hatupiti", msipite. Hakuna picha yenye thamani ya ubishi huo.

15. Acha kitu nyuma yako

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku tembo hula mahindi ya watu, na anayelala macho kumfukuza ni mkulima. Sheria inataka asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka kupitia serikali za mitaa, kwa hiyo tiketi yako tayari ni mchango. Ndiyo sababu nyingine ya kutokwepa geti. Ongezea kidogo. Nunua vikapu kwa akina mama wa Kikorongo, mpe mwongozaji bahashishi yake mkononi, na uulize loji mboga na matunda wananunua kwa nani. Jibu likiwa "kwa wakulima wa hapa", umelala mahali pazuri.

Ratiba ya mwenye haraka

Siku ya kwanza: fika, ingia hifadhini alasiri, tazama machweo. Siku ya pili: Kasenyi alfajiri, lala mchana, boti ya Kazinga alasiri. Siku ya tatu: sokwe wa Kyambura asubuhi, kisha Katwe jioni jua likipoa. Siku ya nne: Bwera, kahawa, kitenge na obundu. Siku ya tano: matembezi ya vilima, au shuka Ishasha ukaongeze usiku mmoja. Umeona? Hakuna siku hata moja uliyoamka ili tu ukae garini.

Simu ya kwanza piga leo, ya vibali vya sokwe. Mengine yatafuata yenyewe. Na ukishafika, weka saa ikuamshe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utoke nje ukiwa bado umejifunga shuka. Rwenzori mara nyingi huonyesha theluji yake asubuhi na mapema, na jua likipanda hujifunika mawingu. Anayeamka saa tatu ataambiwa tu kwamba mlima ulikuwepo.